Mubambiro: Makasu, mizizi na chupa za nguvu, ni kipi kinachoondoa uchovu kweli?

Barabara ya taifa nambari 2 kati ya Sake na Goma haina huruma kwa miguu ya mtu. Inapita juu ya mawe meusi ya lava, inateremka, inapanda tena, na vumbi lake linaingia mpaka kooni. Mubambiro iko hapo njiani, katika teritwari ya Masisi, karibu kabisa na Sake. Toka alfajiri waendesha chukudu wanapita wakiwa wameinama juu ya usukani wa mbao, huku mifuko ya makala, viazi na makabichi imefungwa kwa kamba. Chukudu moja iliyojaa inaweza kubeba zaidi ya kilo 300. Kwenye mteremko inaserereka yenyewe, lakini kwenye mlima inasukumwa na kifua cha mtu. Nyuma yao wanakuja wanawake, mzigo mgongoni na kamba imepita kwenye paji la uso.

Kwa watu hawa nguvu za mwili si habari ya michezo. Ndizo mtaji wao. Anayeamka mchovu leo hafiki sokoni, na asiyefika sokoni jioni hawashi moto. Ndiyo maana maneno "inatia nguvu" yanauza sana kwenye njia hii na kwenye masoko ya Goma. Yanauza kahawa ya kwenye termosi, juisi ya tangawizi, vipande vya mizizi, makasu ya kutafuna, unga wa majani uliofungwa kwenye karatasi, na chupa za plastiki zenye maji ya kahawia ambazo hazina jina wala tarehe.

Vita navyo vimeongeza uchovu. M23 ilipoanza tena mapigano, maelfu ya wakimbizi wa ndani kutoka vijiji vya Masisi waliweka vibanda vyao Mubambiro. Mwezi wa Januari 2025 Sake, kisha Goma, ziliangukia mikononi mwa M23, na majuma yaliyofuata kambi nyingi za kandokando ya Goma zilivunjwa. Watu walibeba tena vyombo vyao kichwani na kurudi kwenye milima ambako wengi hawakukuta nyumba wala mbegu. Mwili uliopita huko unauliza swali moja tu: kuna mti gani unaorudisha nguvu?

Jibu la wanasayansi ni kwamba ipo mimea inayosaidia, ila ni michache kuliko inavyotangazwa. Msaada wake ni mdogo, na ule ulio hakika zaidi hauko ndani ya chupa ya siri.

Makasu na kahawa: hapa kuna kitu

Tuanze na makasu, zile mbegu chungu ambazo mzee anavunja vipande na kutafuna polepole. Kinshasa na Kisangani zinajulikana sana, na huku Kivu zinaingia pamoja na wafanyabiashara kutoka upande wa msitu. Ndani ya mbegu ya makasu iliyokauka mna kafeini, kati ya asilimia 1 na 3 ya uzito wake, na kidogo ya teobromini, ile inayopatikana pia katika kakao. Kafeini hiyo haina tofauti yoyote na ile ya kahawa ya Kivu au ya chai.

Wazungu waliligundua jambo hilo zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya Burroughs Wellcome ya London iliuza vidonge vilivyoitwa "Forced March", maana yake mwendo wa kulazimishwa wa askari. Vilikuwa na dondoo la makasu ya Afrika na dondoo la majani ya koka ya Amerika ya Kusini, yale yanayotoa kokaini. Mpelelezi Ernest Shackleton alivibeba kwenye safari yake ya kuelekea Ncha ya Kusini mwaka 1909. Na kinywaji cha Coca-Cola, kilichotengenezwa Atlanta mwaka 1886, kilipata jina lake kutoka kwa mimea hiyo miwili. Kwa hiyo mzee anayetafuna makasu pembeni ya njia yuko mbele ya kiwanda kwa miaka mingi sana.

Kafeini inafanyaje kazi? Mwili unapofanya kazi, kemikali inayoitwa adenosini inakusanyika kwenye ubongo, na kadiri inavyozidi ndivyo mtu anavyohisi uzito na usingizi. Kafeini inakaa mahali ambapo adenosini ingekaa, kama mtu aliyekalia kiti cha mwingine. Adenosini iko, lakini haisikiki. Uchovu wenyewe haujaondoka, umenyamazishwa tu. Hapo ndipo watu wengi wanadanganyika: kafeini si chakula na haiongezi hata kijiko kimoja cha nguvu kwenye msuli. Inamfanya mtu atumie alichonacho bila kusikia uchungu mwingi.

Hata hivyo matokeo yake yanapimika. Katika majaribio mengi ya wakimbiaji na waendesha baiskeli, kipimo cha miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili, kinachomezwa saa moja hivi kabla ya kazi, kimeongeza uwezo wa kuvumilia kwa asilimia chache, mara nyingi kati ya 2 na 4. Mwaka 2018 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (CIO) iliiweka kafeini kwenye orodha fupi ya vitu ambavyo ushahidi wake ni mzuri. Shirika la dunia la kupambana na dopingi (AMA) liliitoa kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa tangu 2004.

Tupige hesabu ya mwendesha chukudu mwenye kilo 65. Kipimo cha chini, miligramu 3 kwa kilo, kinampa miligramu 195. Kikombe cha kahawa nyeusi ya kawaida kina kama 80 hadi 100, kwa hiyo vikombe viwili vinatosha. Akiongeza kikombe cha nne, cha tano na makasu juu yake, hapati nguvu maradufu. Anapata mapigo ya moyo yanayokimbia, mikono inayotetemeka, tumbo linalouma, na usiku usio na usingizi. Kafeini inachukua kama saa 5 ili nusu yake itoke mwilini. Anayekunywa saa kumi na moja jioni bado anayo kitandani, na kesho yake anaamka mchovu zaidi, anatafuta kikombe kingine.

Mama mjamzito anapaswa kupunguza. OMS inashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku washushe kipimo hicho, kwa kuwa kuna hofu ya kuharibika kwa mimba na ya mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mwenye presha ya damu naye aulize kwanza. Na kuna jambo ambalo halitajwi mara nyingi kwenye farmasi: siprofloksasini, antibiotiki inayoandikwa sana kwetu, inapunguza kasi ya ini kuondoa kafeini. Mtu anayemeza dawa hiyo na kunywa kahawa yake ya kila siku anaweza kujikuta anatetemeka bila kujua sababu.

Mizizi inayonukia vanila

Baada ya makasu, jina linalotajwa zaidi ni lile la mzizi wa Mondia whitei. Kinshasa unaitwa kimbiolongo. Waluhya wa magharibi ya Kenya wanauita mukombero, na Waganda wanauita mulondo. Ni mmea unaotambaa juu ya miti, na mzizi wake ukiuvunja unatoa harufu kama ya vanila, kwa sababu una kemikali iliyo ndugu wa karibu wa ile ya vanila. Watu wanautafuna kwa ajili ya hamu ya chakula, nguvu za kazi, na zaidi ya yote nguvu za ndoa. Wauzaji wanaanza na lile la mwisho kwa kuwa ndilo linalouza.

Kisayansi ushahidi wake ni wa panya. Watafiti wamewapa panya dume dondoo la mzizi huo na kuona mabadiliko kwenye homoni na mambo ya uzazi. Hilo si sawa na kusema kwamba mtu atapanda mlima wa Sake na kilo 300 kwa wepesi zaidi. Ngadiadia, ile mbegu chungu ya mti Garcinia kola, iko katika hali hiyo hiyo. Wengi wanaichanganya na makasu kwa sababu zote ni chungu na zinauzwa meza moja, lakini ngadiadia si chanzo cha kafeini. Anayeitafuna ili asilale usiku huenda anasaidiwa na uchungu wake tu.

Inafaa kueleza jinsi maneno "inaondoa uchovu" yanavyopatikana kwenye karatasi za utafiti, maana yanatumiwa sana na wauza unga na vidonge. Mmea unakaushwa, unasagwa, unaloweshwa kwenye maji au alkoholi, kisha maji yale yanachujwa na kukaushwa. Kinachobaki kinaitwa dondoo. Panya kadhaa wanapewa dondoo hilo kwa majuma machache, wengine wanapewa maji matupu. Kisha wote wanatumbukizwa kwenye ndoo ya maji, mara nyingi wakiwa wamefungwa kauzito mkiani, na mtafiti anahesabu dakika mpaka panya achoke. Wale waliokula dondoo wakiogelea muda mrefu zaidi, karatasi inaandikwa kwamba mmea unapambana na uchovu.

Mamia ya mimea duniani imefaulu mtihani huo wa ndoo. Michache sana imeonyesha kitu kwa binadamu. Panya anayeogelea anaogopa kufa, na kipimo anachopewa, ukikikuza kwa uzito wa mtu mzima, mara nyingi kingehitaji kapu zima la majani. Ginseng ya Asia, ambayo vidonge vyake vinafika mpaka kwenye farmasi za kwetu, imejaribiwa kwa wanamichezo kwa miongo mingi. Matokeo yake yanapingana, na CIO haikuiweka kwenye ile orodha yake fupi.

Je, wanaosema wamesaidiwa wanadanganya? Hapana. Mwaka 2006 watafiti wa Uingereza waliwaambia waendesha baiskeli kwamba watapewa vidonge tofauti: mara bila kafeini, mara na kafeini kidogo, mara na kafeini nyingi. Vidonge vyote havikuwa na kafeini hata chembe. Walipoamini wamepewa nyingi, nguvu zao ziliongezeka kwa asilimia 3,1. Walipoamini wamepewa kidogo, ziliongezeka kwa 1,3. Walipoamini hawakupewa, zilishuka kwa 1,4. Imani peke yake ilileta tofauti karibu sawa na ile ya kafeini yenyewe. Mzizi uliotolewa na mkono wa babu, wenye uchungu unaosikika, unaingia mwilini pamoja na imani hiyo.

Shida ni pale mzizi unapokwisha msituni. Mondia inang'olewa na shina lake, na inayong'olewa haioti tena. Kandokando ya msitu wa Kakamega, Kenya, wakulima walianza kuipanda shambani baada ya kuona inapotea porini. Huku kwetu msitu ulio karibu na Mubambiro ni Hifadhi ya Virunga, ambako kuchimba mizizi ni marufuku na kuingia tu kuna hatari zake, hasa kwa wanawake wanaofuata kuni.

Somo la iboga

Wanaosema kwamba dawa za msitu haziwezi kudhuru kwa sababu ni za asili wangesoma habari za Lambarène. Katika misitu ya Gabon na Kongo kuna mti mdogo unaoitwa iboga. Wawindaji walitafuna maganda kidogo ya mizizi yake ili wakeshe usiku wakingojea mnyama, bila njaa wala usingizi. Wafaransa walipojua hilo, walitengeneza vidonge kutoka kwa mti wa jamaa moja na iboga, wakavipa jina la mji wa Gabon, Lambarène, na kuviuza Ufaransa kuanzia mwaka 1939. Vilitangazwa kwa watu waliochoka, waliokuwa wanapona magonjwa, na wenye kazi nzito. Wanamichezo wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia walivipenda.

Kilichomo ni ibogaini. Kwa kipimo kidogo inaamsha. Kipimo kikizidi inaleta maono, na inaharibu mwendo wa moyo hadi kuua. Katika miaka ya 1960 vidonge hivyo viliondolewa sokoni, na kemikali hiyo ikaingia kwenye orodha za vitu vilivyokatazwa michezoni. Mwindaji alijua kipimo chake kwa sababu alifundishwa na baba yake. Mnunuzi wa Paris hakuwa na mwalimu huyo, na mnunuzi wa chupa sokoni leo hana pia.

Mfano mwingine ni wa Thomas Hicks, mshindi wa marathoni ya Olimpiki ya St. Louis mwaka 1904. Njiani wasaidizi wake walimpa striknini iliyochanganywa na ute wa yai, pamoja na brandi. Alimaliza akiwa karibu kufa, amebebwa mikononi. Striknini inatoka kwenye mbegu za mti wa Asia, lakini misitu ya Kongo ina ndugu zake, na mmoja wao ndio uliotumika zamani kuwapima kwa sumu watu walioshtakiwa uchawi. Mti ule ule unaoamsha misuli unaikaza mpaka mtu anashindwa kupumua.

Chupa isiyo na jina

Hatari iliyo karibu zaidi na Mubambiro, lakini, haitoki kwenye iboga. Inatoka kwenye kile ambacho muuzaji ameongeza ili dawa ya asili ifanye kazi haraka.

Idara ya Marekani ya kusimamia chakula na dawa (FDA) imekamata mara nyingi sana bidhaa zilizoandikwa kwamba ni mitishamba mitupu, kumbe za nguvu za kiume zina sildenafili, ile dawa ya Viagra, na za maumivu ya viungo zina diklofenaki au deksametazoni. Hizi zote ni dawa za farmasi, za bei nafuu, na zinasagika kirahisi. Deksametazoni ndiyo inayodanganya kuliko zote. Kwa siku za kwanza maumivu yanakwisha, hamu ya chakula inarudi, mtu anajisikia mpya. Baada ya majuma uso unavimba, sukari na presha vinapanda, na tezi za mwili zinazotengeneza homoni hiyo zinalala. Akiiacha ghafla, anaanguka kwenye uchovu mbaya kuliko ule wa mwanzo, na anarudi kwa muuzaji akiamini kwamba mzizi ule ndio uliokuwa unamshikilia.

Tramadoli ni habari nyingine ya namna hiyo. Ni kidonge cha maumivu makali ambacho katika nchi nyingi za Afrika kimegeuzwa kuwa kidonge cha kazi kwa madereva, wapasua mawe na wabeba mizigo. Kinazima uchungu, kinaleta utegemezi, na kwa kipimo kikubwa kinaleta degedege na kuzuia pumzi. Kasiksi na kanyanga nazo zinatajwa kama vinywaji vya nguvu na wanaozipenda. Pombe inampa mtu joto na ujasiri, halafu inamwondolea maji, usingizi mzuri na umakini. Kwenye mteremko, mtu anayesimamisha chukudu kwa kukandamiza mguu kwenye gurudumu anauhitaji umakini huo.

Kwa kijana anayeota kufika mbali michezoni, kuna hasara ya ziada. Masisi si mgeni kwenye Olimpiki. Makorobo Salukombo, aliyekimbia marathoni ya Rio mwaka 2016 kwa bendera ya Kongo, alianzisha mradi wa mbio kwa vijana ukiwa na jina la Kirotshe, kijiji kilicho kando ya ziwa kusini ya Sake. Kwenye michezo hiyo hiyo Beatrice Kamuchanga wa Goma alikimbia mita 5.000. Mkimbiaji wa ngazi hiyo anawajibika kwa kila kinachokutwa kwenye mkojo wake, hata kama alikinywa bila kujua.

Mpenzi yeyote wa mpira anakumbuka habari za Mamadou Sakho wa Liverpool. Mwaka 2016 alikutwa na higenamini, kemikali iliyomo kwenye mimea kadhaa, iliyotoka kwenye bidhaa ya kupunguza mafuta. Alikosa fainali ya Europa League na Euro ya 2016 kabla UEFA haijamsafisha, kwa sababu kemikali hiyo haikuwa imetajwa waziwazi kwenye orodha. AMA ilikuja kumwomba msamaha na kumlipa fidia mwaka 2020. Ila tangu 2017 higenamini imeandikwa kwa jina kwenye orodha ya vilivyokatazwa, na atakayekutwa nayo leo hatakuwa na mlango huo wa kutokea. Miraa ya Kenya na Uganda nayo ina katini, ambayo siku ya mashindano inakatazwa ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo.

Lengalenga kabla ya kupanda mlima

Kuna mmea mwingine kwenye ile orodha fupi ya CIO, na uko kwenye sufuria ya kila nyumba. Orodha inataja nitrati, na wazungu wanaipata kwenye juisi ya mzizi mwekundu, ule wanaouita betrave. Lengalenga letu ni kati ya mboga zinazokusanya nitrati nyingi kwenye majani yake.

Nitrati inafika mdomoni, bakteria wa ulimi wanaigeuza, na mwisho wake inakuwa gesi inayolegeza mishipa ya damu. Mwaka 2009 watafiti wa Exeter, Uingereza, walionyesha kwamba watu waliokunywa juisi ya betrave kwa siku chache walitumia oksijeni kidogo zaidi kwa kazi ile ile ya baiskeli. Faida inaonekana zaidi kwa watu wa kawaida kuliko kwa mabingwa, na inafika kileleni saa 2 hadi 3 baada ya kula. Lakini nitrati inayeyuka ndani ya maji. Anayechemsha lengalenga muda mrefu na kumwaga maji yake anamwaga sehemu kubwa ya faida hiyo jikoni. Hakuna aliyepima bakuli la lengalenga dhidi ya mlima wa Sake, kwa hiyo lisinunuliwe kama dawa. Liliwe kama mboga, yenye madini ya chuma pia, pamoja na nyanya au ndimu inayosaidia mwili kuyapokea. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya chakula, kwa sababu inazuia chuma hicho.

Tangawizi, au tangawisi kama wengi wanavyotamka, ina kazi yake ndogo. Mwaka 2010 watafiti wa Georgia, Marekani, waliwapa watu gramu 2 za tangawizi kila siku kwa siku 11, kisha wakawachosha mikono kwa vyuma. Maumivu ya siku iliyofuata yalipungua kwa karibu robo, iwe tangawizi mbichi au iliyopashwa moto. Haikuwapa nguvu zaidi. Iliwapunguzia tu uchungu wa kesho yake, jambo ambalo mwendesha chukudu hatalidharau.

Na ndizi mbivu? Kwa kazi inayozidi saa moja, wataalamu wa michezo wanashauri gramu 30 hadi 60 za wanga au sukari kila saa. Ndizi moja kubwa ina kama 25. Ndizi mbili, maji safi na chumvi kidogo vinafanya kazi ambayo hakuna dondoo la mzizi limewahi kuifanya, kwa kuwa vinatia kitu kwenye msuli badala ya kuunyamazisha. Wachuuzi hawavitangazi. Ni vigumu kumwuzia mtu ndizi kama siri.

Siyo kwamba Kivu haijui kutengeneza dawa ya kweli kutoka kwenye mti. Pharmakina ya Bukavu imetoa kinini kwenye maganda ya sinkona kwa miongo mingi, na maganda ya Prunus africana kutoka Kivu Kaskazini yamepelekwa Ulaya kutengeneza dawa ya prostati. Tofauti ni kwamba huko kuna anayepima kilichomo na kuandika kipimo.

Uchovu ambao si wa kazi

Kuna uchovu ambao hakuna mmea unaopaswa kuugusa, na Mubambiro upo kwa wingi. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Malaria inaweza kuanza bila homa kali: viungo vizito, kichwa kinachouma kidogo, kukosa hamu ya chakula. Mtu anasema amechoka tu, anakunywa chupa ya mizizi siku tatu, na siku ya nne mtoto wake au yeye mwenyewe anabebwa kwenda hospitali. Kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji tone moja la damu na dakika 15 hadi 20.

Upungufu wa damu unajificha namna hiyo hiyo, hasa kwa wanawake walio na hedhi nzito, waliozaa mara kwa mara, au wenye minyoo. Dalili yake ni pumzi inayokatika kwenye mlima ambao zamani haukuwa kitu, na viganja na ndani ya kope vilivyopauka. Kisukari kinaleta uchovu pamoja na kiu na kukojoa mara nyingi. Kifua kikuu kinaleta uchovu, jasho la usiku na kukonda. Kikohozi kikizidi majuma mawili, makohozi yapelekwe kituo cha afya, ambako dawa za kifua kikuu zinatolewa bila malipo chini ya mpango wa taifa, na zinamezwa kwa miezi sita bila kuruka siku. Anayetumia pia mzizi au unga wowote aonyeshe chupa au karatasi yake kwa muuguzi anapofika. Wengi wanaificha kwa aibu, na muuguzi anabaki kutafuta sababu ya presha iliyopanda ambayo mgonjwa ameiacha nyumbani chini ya kitanda.